Uwanja Usiokanyagwa

Wanjiru na Neema, ninyi mnaozichukua ziara zangu kuanzia wiki ijayo, mliniomba niwaandikie namna kazi yetu ilivyoanza, na mliniomba kwa Kiingereza kama kawaida yenu. Nawaandikia kwa Kiswahili. Najua mnakielewa kuliko mnavyokiri, na mahali mtakapokwama wazazi wenu wapo.

Nilistaafu Ijumaa, tarehe 30 Septemba 2016. Kuhusu vyeo, hotuba za siku ile zilitosha na kubaki, na habari za mishahara hazina ladha hata kwa anayelipwa. Nitaandika juu ya miaka ya mwanzo tu, kuanzia 1996 hadi 1998, kwa sababu ndiyo iliyoamua kama kazi hii ingekuwepo au isingekuwepo. Yaliyofuata mmeyaona kwa macho yenu.

Mimi ni mzaliwa wa Tabora. Shule niliianza nikiwa tayari mama wa watoto wawili, Jumatatu ya tarehe 4 Februari 1974, katika darasa la ngumbaru, tukikalia madawati ya watoto ambayo magoti yetu hayakuingia. Nilifika Washington tarehe 19 Agosti 1986 pamoja na mume wangu, aliyekuwa dereva wa ubalozi. Alifariki tarehe 11 Februari 1993. Eda ilipokwisha nilijiandikisha katika masomo ya jioni mtaani Shaw, na cheti cha sekondari nilikipokea tarehe 14 Juni 1995, nikiwa na umri wa miaka arobaini na sita, nimevaa joho lililokuwa refu kuliko mimi. Mnanicheka kwa tarehe zangu. Kalamu niliipata nikiwa mtu mzima, na hadi leo tarehe isiyoandikwa huniwasha kama kibanzi kidoleni.

Riziki yangu wakati huo ilikuwa kuwahudumia wazee majumbani mwao. Wa mwisho niliyemhudumia alikuwa mama yake Bi Michiko. Bi Michiko alikuwa mjane kama mimi, Mjapani aliyeishi Maryland tangu ujana wake, na kampuni yake ilikuwa yeye mwenyewe, gari moja la viti saba, na simu ya jikoni. Aliwachukua watu wachache kwa siku, familia moja au marafiki watatu wanne, akawazungusha tangu asubuhi hadi jioni katika bustani za Kijapani zilizo kando ya jiji. Asubuhi ilikuwa bustani ya bwawa upande wa Virginia, iliyowahi kuwa ya tajiri mmoja. Adhuhuri ilikuwa nyumba ya chai. Alasiri ilikuwa hekalu kongwe juu ya kilima, mwendo mfupi kutoka College Park, ambalo ukumbi wake ulibomolewa kwa utaratibu huko Japani, ukapakiwa melini vipande vipande, ukasimamishwa tena Maryland bila msumari hata mmoja. Wageni walilipia bwawa na chai, lakini hekalu ndilo walilolizungumza wakirudi.

Mama yake alipofariki, Januari 1996, Bi Michiko aliniambia, “Umemshika mama yangu mkono mwaka mzima na hakuanguka. Wageni wangu wengi ni wazee, na mawe ya bustani yanateleza. Njoo.” Huo ndio usaili pekee niliofanyiwa.

Nilianza Jumatatu, tarehe 8 Aprili 1996, micheri ya mjini ikiwa imeanza kupukutisha maua. Nilikuwa nimesoma usiku na mchana ili nisiaibike mbele ya swali la historia. Swali la kwanza nililoulizwa katika kazi hii lilikuwa choo kiko wapi. La pili pia. Bi Michiko aliniona uso umenishuka, akasema, “Mtu aliyebanwa hawezi kuona bustani. Umeshamfundisha nusu.”

Yeye ndiye mwalimu wangu, na vifaa mnavyorithi ni vyake. Mfuko wa kitambaa wenye soksi mpya ndani yake msiudharau. Mtu mwenye heshima zake akitakiwa ghafla avue viatu mbele za watu, hapo ndipo anapokumbuka tundu la kidole gumba, na asipopewa soksi kimyakimya atasema kwamba anapenda kubaki nje kupunga upepo. Kiti cha kukunja kibebeni hata kwa wageni vijana, maana kijana naye huwa na mama. Kidole msikitumie kuonyeshea kitu. Bi Michiko alisimama tu kando ya mgeni akatazama, na mgeni akayafuata macho yake. Nilijaribu siku ile ile nikaona ni kweli. Watu wazima wanne waligeuka pamoja kutazama ukuta mtupu kwa sababu mimi nilikuwa nautazama nikiwaza chakula cha jioni.

Alinifundisha pia kuwa mawe ya njia hupangwa yasilingane kwa makusudi, ili mtu atazame miguu yake. Kisha huja jiwe moja pana. Hapo mwili wenyewe husimama na kichwa huinuka, na mbele yako utakuta jambo ambalo mwenye bustani alitaka ulione. Kabla ya jiwe pana, nyamazeni. Mwongozaji akisema mapema huwa kama mtu anayesimulia mwisho wa hadithi mlangoni.

Wiki ile ile nilikuta katikati ya njia jiwe la ukubwa wa nazi, limefungwa kamba nyeusi vizuri kama kifurushi. Nikauliza ni mzigo wa nani. Bi Michiko alicheka mpaka akashika nguzo.

“Ni mlango,” akasema. “Maana yake, usipite hapa.”

“Mbona halizuii mtu?”

“Halizuii. Linaomba.”

“Na asiyejua lugha yake?”

“Ndiyo maana nimekuajiri.”

Nikalizingatia jibu hilo, ingawa sikujua bado uzito wake.

Sasa niwaeleze juu ya hekalu, kwa kuwa ninyi mmelikuta likiwa na ngazi za saruji na ubao wa maelezo. Wakati huo palikuwa na lango la mbao, na ukilipita tu ulikuwa uso kwa uso na uwanja wa changarawe nyeupe, mpana, usio na jani, na ndani yake mawe makubwa machache. Ng’ambo ya uwanja kulikuwa na baraza ndefu ya ukumbi. Njia ya wageni ilizunguka kwa kando, chini ya ukuta, hadi kwenye ngazi za kuvulia viatu. Changarawe ilipitishwa reki kila asubuhi mpaka ikatoka mistari, iliyonyooka katikati na iliyozunguka kila jiwe, na haikukanyagwa na mtu. Mlezi wa hekalu alikuwa Kuhani Shimada, mwembamba, mwenye miaka kama sitini, ambaye aliipitisha reki hiyo mwenyewe.

Mimi nimelelewa kuvua viatu mlangoni mwa nyumba ya ibada, kwa hiyo hilo halikunipa taabu. Kilichonipa taabu ni udadisi. Nilimwuliza Kuhani Shimada kwa nini mawe yamezikwa zaidi ya nusu, akaniambia jiwe likiwekwa juujuu huonekana limeletwa, likizikwa huonekana limezaliwa hapo. Nilimwuliza kwa nini anafagia Jumanne, siku ambayo hekalu halipokei wageni. Akaniuliza kama mimi huoga siku za wageni tu. Baada ya miezi michache alikuwa akiniita Bi Kwa Nini, na aliniwekea sheria ya swali moja kwa kila ziara. Basi nililichagua swali langu njiani, ndani ya gari, kwa uangalifu wa mtu anayechagua kitambaa cha sare. Shule zangu zote nilisoma nikiwa na haraka ya kuwafikia waliotangulia. Pale kilimani, kwa mara ya kwanza, nilisoma bila kumkimbilia mtu.

Kisha ikaja Jumapili ya tarehe 26 Oktoba 1997. Mgeni mmoja, bwana mchangamfu aliyekuja na wenzake wa ofisini, aliruka kutoka barazani akatua katikati ya changarawe, akakumbatia jiwe kubwa ili apigwe picha. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa picha. Kesho yake Kuhani Shimada alimpigia simu Bi Michiko kwamba ziara zetu zimekwisha pale.

Majira yote ya baridi Bi Michiko alipanda kile kilima kwa magoti yaliyokuwa yameanza kumsaliti, akaketi na kuhani, akanywa chai, akashuka. Mwezi Machi akarudi na ruhusa ya msimu mmoja, hadi majani yatakapoanguka, na sharti lake lilikuwa wazi: unyayo mmoja kwenye changarawe, na lango linafungwa moja kwa moja. Akanieleza na jambo la pili. Magoti yake hayangefika mwaka mwingine. Hekalu likibaki, ziara zingekuwa zangu kuziongoza. Likifungwa, angeliuza gari, kwa kuwa hakuna mtu anayelipia siku nzima kwa ajili ya bwawa na kikombe cha chai, nami ningerudi kuwahudumia wazee majumbani. Ni kazi ya heshima na sikuwahi kuionea haya. Ila nilikuwa na maswali mengi ambayo sijayauliza.

Ziara ya kwanza niliyoongoza peke yangu ilikuwa Jumamosi, tarehe 16 Mei 1998, na kwa bahati ilikuwa ya Kiswahili. Mumbua, muuguzi Mkamba aliyekaa Adelphi, alitaka mama yake aliyekuja kutoka Machakos atoke nje walau siku moja. Mama alikuwa ameshinda wiki nyingi kwenye fleti ya ghorofa ya tano akitazama maegesho ya magari. Pamoja nao alikuja binamu yake Mumbua, Kilonzo, shemasi wa kanisa lao, mtu wa tai hata Jumamosi.

Bwawa lilikwenda vizuri. Mama Mumbua aliwatazama samaki wekundu kwa muda mrefu, akauliza wanaliwa lini. Nilipomwambia hawaliwi, akasema, “Basi wamenona bure,” akaendelea na njia. Kwenye nyumba ya chai alikunywa ile chai chungu ya kijani bila kukunja uso, akamwambia binti yake kwa sauti ya chini kwamba maziwa yakiongezwa itapona.

Taabu ilianza garini, tulipokaribia kilima. Nilisema, “Sasa tunaelekea hekaluni.”

“Hekalu lipi?” akauliza Shemasi Kilonzo. “Hekalu ninalolijua mimi ni la Sulemani.”

“Ni nyumba ya ibada ya Wabuddha. Kuna kuhani atakayetupokea.”

“Na kuhani tena? Kuhani wa nani? Mama Zuhura, hayo maneno unayatumia vibaya.”

“Nipe mengine, Shemasi, nitayatumia.”

Alifikiri hadi tukaegesha. Hakuyapata, na kwa hakika mimi pia sijayapata hadi leo. Akasema basi yeye atakaa kwenye gari.

“Kilonzo,” akasema Mama Mumbua, “ulikuja kulinda gari?”

“Auntie, ndani kuna sanamu.”

“Na wewe una macho. Yafunge.”

Akashuka. Lakini tulipofika langoni, akaulizia viatu, nikamweleza vinavuliwa ngazini, na uso wake ukabadilika kwa namna niliyoifahamu vizuri. Nilimvuta kando, nikafungua mfuko wa soksi, nikamgeuzia mgongo ili achague. Mumbua alikuwa akimtafutia mama yake miwani kwenye pochi. Ndipo niliposikia sauti iliyotulia, sauti ya mtu anayebisha kwa jirani.

“Hodi wenyewe.”

Niligeuka. Mama Mumbua alikuwa amevua viatu vyake akavishika mkononi. Jiwe la kamba kama lile la njiani, lililowekwa mwanzoni mwa changarawe, alikuwa ameliinua na kuliegemeza ukutani, ili asije mtu akajikwaa. Na sasa alikuwa katikati ya uwanja, miguu mitupu, mwendo wa taratibu na wa adabu, akielekea moja kwa moja barazani ambako Kuhani Shimada alikuwa amesimama na reki yake.

“Mami,” akasema Mumbua, “Mami, usikanyage hapo, please.”

“Wewe nyamaza. Nasalimia watu.”

Alifika. Kuhani Shimada alikuwa ameinamisha kichwa kwa desturi yake, naye Mama Mumbua akaufuata mkono wake huko huko ulikokuwa, akaushika kwa mikono yake yote miwili, akauliza habari za hapa, za watoto, na za kazi. Nyuma yake nyayo zilikuwa zimepanga mstari kutoka langoni hadi barazani, kila kidole kikionekana.

Nilizunguka kwa njia ya kando haraka kadiri mtu anavyoweza kwenda haraka bila kukimbia. Kuhani aliniuliza kwa Kiingereza, bila kupandisha sauti, “Kwa nini amepita hapa?” Nikaligeuza kwa Kiswahili.

Mama Mumbua alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavuta pumzi. “Msichana wangu, si amefagia? Mtu akikufagilia uwanja, anakungoja. Sasa wewe upite kandokando ya ukuta, atasema nini? Atasema umemdharau. Ama ni mwizi, maana mwizi ndiye hataki mguu wake ujulikane.”

Nilikuwa nimeutazama ule uwanja miaka miwili. Nilikuwa nimeuliza juu ya mawe, mbao, paa na kengele. Nami nimekulia Tabora, nikafagia uwanja wa mama yangu kila alfajiri, nimeinama, nikirudi nyuma, hadi mistari ya ufagio ikalala vizuri na mgeni wa kwanza akaiharibu kwa miguu yake, akakaribishwa. Jambo hilo halikuwahi kunijia kilimani pale hata mara moja.

Nilitafsiri neno kwa neno. Kuhani Shimada alizitazama nyayo. Akauliza wanafagia vipi huko kwao. Mama Mumbua aliinama, akanyoosha mkono mmoja, akarudi kinyumenyume hatua chache kwenye baraza akimfagilia hewa. Kuhani akatikisa kichwa kidogo, ila sikuweza kujua ni kwa kukubali au kwa kuhesabu hasara. Ukumbi waliuona, na Shemasi Kilonzo, ndani ya soksi zangu za kijivu, alizitazama mbao za paa muda mrefu kuliko sisi wote, kwa kuwa huko juu hakukuwa na sanamu.

Tulipokuwa tukiondoka kwa njia ya kando, kuhani alishika reki. Mama Mumbua akasimama.

“Mwambie asifagie saa hizi. Sisi bado tuko njiani. Mgeni hafagiliwi mgongoni, ni kama kumfukuza. Angoje tufike.”

Nikatafsiri na hilo, maana nilikuwa sina tena cha kupoteza. Kuhani aliishusha reki. “Jumatatu saa nne asubuhi,” akaniambia, “uje na Bi Michiko.”

Tukaingia garini, tukashika University Boulevard. Mumbua ndiye aliyeanza. “Auntie Zuhura, nafikiri tumekuharibia kazi. Nimeona uso wako.”

“Ameharibiwa nini?” mama yake akauliza. “Kusalimia kunaharibu kazi ya nani?”

“Mimi,” akasema Shemasi Kilonzo, “nilisema nikae kwenye gari.”

Jioni ile nilirudisha gari nyumbani kwa Bi Michiko nikamwambia yote kabla hajaniuliza. Alinimiminia chai, akasema Jumatatu tutaomba radhi, na akanionyesha jinsi ya kuinama, chini kabisa, na muda wa kubaki huko chini.

“Kwa sharti lililovunjwa nikiwa kiongozi, nitaomba radhi,” nikamwambia. “Kwa yule mama, hapana. Hakuna alichokosa. Amefanya heshima.”

“Zuhura, hii ni miaka kumi na mitano ya maisha yangu.”

“Najua.”

“Na ni kazi yako.”

“Najua hilo pia. Niambie wewe, mama yako angekuwa hai akafika Tabora, akainama mlangoni kwetu badala ya kutoa mkono, ungetaka mtu aombe radhi kwa ajili yake?”

Aliondoa vikombe mezani. Tuliachana bila kuagana vizuri, jambo ambalo halikuwahi kutokea kati yetu, na Jumapili yote simu haikulia. Nilishinda nikipiga pasi nguo zilizokwisha pigwa.

Jumatatu, tarehe 18 Mei, tulipanda kilima pamoja. Bi Michiko alishikilia mkono wangu kwa ajili ya magoti. Tulipolivuka lango, tukasimama sote wawili. Nyayo zilikuwepo. Uwanja haukuwa umeguswa tangu Jumamosi. Majani machache yalikuwa yameanguka juu yake, na ndege mmoja alikuwa amepita akaacha alama zake karibu na za Mama Mumbua. Katika miaka yote ambayo Bi Michiko alilijua hekalu lile, hakuwahi kuiona changarawe ile asubuhi bila mistari.

Kuhani Shimada alitungoja barazani. Bi Michiko aliinama chini kabisa akabaki huko. Mimi niliinama kiasi changu, nikainuka, nikasema nilichokuwa nimekipanga: kwamba sharti lilikuwa langu kulilinda, na kwa hilo naomba radhi, kwamba mgeni wangu alifika kwa adabu ya kwao, na kwa hilo siombi.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Leo una swali?”

“Leo sina.”

“Basi ninalo mimi. Yule mama alisema ningoje afike ndipo nifagie. Nimengoja. Amefika?”

Nilimtazama nione kama ananifanyia mzaha. Hakuwa anafanya mzaha. Nikamwambia inategemea, maana anakaa Adelphi kwa binti yake, lakini nyumbani kwake ni Machakos, na huko hatarudi kabla ya mwisho wa Juni. Kuhani aliutazama uwanja, akafikiria Juni.

“Adelphi,” akasema Bi Michiko, akiwa bado ameinama. “Iwe Adelphi.”

Simu ya hekalu ilikuwa kwenye chumba kidogo nyuma ya ukumbi. Ililia kwa muda mrefu kule Adelphi.

“Hapa ni kwa Mumbua. Yeye amelala, alikuwa kazini usiku. Wewe nani?”

“Shikamoo, Mama. Ni Zuhura, wa bustani. Nauliza kama mlifika salama.”

“Tulifika Jumamosi, si wewe ndiye ulituleta? Unauliza leo?”

“Mwenye nyumba ndiye anayeuliza. Alikuwa anangoja mfike.”

Nilisikia sufuria ikifunikwa.

“Mpaka leo hajafagia?”

“Bado, Mama.”

“Aiya. Mwambie afagie, huo uwanja utaota nyasi.”

Nikarudi barazani nikatafsiri, pamoja na nyasi. Kuhani Shimada alishuka ngazini, akaichukua reki pale ilipoegemezwa, akanipa kwa mikono miwili.

“Kuanzia leo,” akasema, “anayeleta wageni ndiye anayefagia.”

Bi Michiko akainuka. Nikavua viatu nikavipanga chini ya ngazi. Nilianzia pembe ya mbali, nikirudi nyuma taratibu, huku kuhani akinielekeza namna ya kuzunguka mawe na Bi Michiko akiwa amekaa kwenye kiti cha kukunja akitazama, na nyayo za yule mama nilizifikia mwisho.